Ukurasa wa Jumamosi

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, Kidato cha Sita 1981, katika mkutano wa mwaka wa Chama chetu, mbele ya wanachama na wanafunzi wa sasa.)

Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, wazee wenzangu tuliopitia mabweni haya, nanyi vijana mlioketi hapo nyuma juu ya mabenchi ambayo baadhi yake nayatambua:

Katibu wa Chama aliponiandikia kuniomba nizungumze leo, alinipa na kichwa cha mazungumzo: vitu vya bure vinavyopatikana katika mtandao wa kompyuta, vya kumsaidia mtu anayetaka kuandika, kuchora au kutunga muziki kila siku. Nilimjibu kwamba amekosea mlango. Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Maisha yangu yote nimebeba theodolaiti na kuzika bikoni za mipaka katika wilaya ambazo nyingine hazikuwa hata na duka la kuuza kalamu. Katibu akanijibu kwa maneno machache: "Tumesikia unaandika kila siku. Njoo utueleze." Basi nimekuja, na nitaeleza, lakini naomba radhi mapema kwamba sitaanza na kompyuta. Nitaanza na darasa lile la mwisho, karibu na stoo ya majembe.

Wakati wetu, kila Jumamosi saa kumi alasiri, tukisha kufua na kurudi kutoka shamba la shule, mwalimu wetu wa Kiswahili alilifungua darasa hilo. Aliyetaka aliingia. Sharti lilikuwa moja tu: uwe na ukurasa mmoja ulioandika mwenyewe juma hilo, likiwa shairi, hadithi, habari za kijijini kwenu, au cho chote kile. Asiye na ukurasa hakufukuzwa. Alipewa kalamu na kipande cha karatasi, akaketi nyuma kuandika huku wenzake wanasoma, na hiyo ilikuwa aibu kubwa kuliko fimbo. Mwalimu hakuuliza kama ukurasa ni mzuri. Aliuliza kama upo. Uzuri ulizungumzwa baadaye, na mara nyingine haukuzungumzwa kabisa kwa kuwa haukuwapo. Kurasa zilizochaguliwa zilibandikwa kwenye gazeti la ukutani nje ya bwalo, na watu walizisoma wakiwa kwenye foleni ya uji, sahani mkononi. Sijapata wasomaji wa namna ile tangu siku hizo.

Nilikaa shule hii miaka 6, tangu 1976. Nimepiga hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yangu: majuma kama 36 ya masomo kwa mwaka, ukurasa mmoja kila juma, ni kurasa 216. Toa majuma niliyolala zahanati kwa malaria, bado ni zaidi ya 200. Halafu nikaondoka hapa mwaka 1981, nikaajiriwa, nikaoa, nikahamishwa mara 9, na sikuandika kurasa 200 nyingine mpaka nilipostaafu mwaka 2021. Miaka 40, ndugu zangu.

Mtu akiniuliza kwa nini, sababu nilikuwa nazo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 daftari lilikuwa adimu kama sabuni, na wazee hapa mbele wanakumbuka sabuni ilivyokuwa. Vitabu havikufika wilayani. Mafuta ya taa yalikuwa ya kupimwa kwa kijiko. Kazi ya upimaji inamtoa mtu nyumbani miezi mizima. Kila sababu ilikuwa ya kweli, ndiyo maana ilinifaa sana.

Nilipostaafu, mjukuu wangu mmoja aliniwekea vitu kwenye simu ya mkononi na kwenye kompyuta ndogo kuukuu aliyoiacha baba yake. Akanionyesha kwanza maktaba iitwayo Project Gutenberg. Ilianzishwa na kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, jina lake Michael Hart. Tarehe 4 Julai 1971 kijana huyo aliandika kwa mkono wake, ndani ya kompyuta ya chuo, Azimio la Uhuru la Marekani ili ye yote alipate bila kulipa. Leo maktaba hiyo ina vitabu zaidi ya 70,000 ambavyo haki zake za unakili zimekwisha huko Marekani. Huombwi jina, huombwi fedha, huombwi barua ya mwalimu wa darasa. Na jambo ambalo vijana mtalipenda: riwaya nzima, ikiwa maandishi matupu, mara nyingi haifiki hata megabaiti moja, wakati video ya dakika chache hula makumi. Hicho mnachokiita bando, kidogo sana cha kwake chatosha kitabu cha kusoma mwezi mzima.

Ndugu Mwenyekiti, nilifurahi kama mtoto aliyeachiwa ghala la sukari. Kwa muda wa miezi miwili nilipakua vitabu 314. Nilipakua masomo ya kuandika, masomo ya kuchora, programu za kupangia riwaya, kalenda za kuhesabia maneno. Usiku nilikuwa napanga yote hayo katika mafaili yenye majina mazuri. Mke wangu akaniuliza siku moja, "Mzee, umeandika nini?" Nikatazama. Sikuwa nimeandika hata barua. Sababu zangu zote za miaka 40 zilikuwa zimeondolewa, karatasi ipo, kitabu kipo, umeme upo, muda upo, na mimi nimekaa pale pale. Nilikuwa kama mtu aliyenunua majembe 300 na hana hata tuta moja.

Nawaambieni hili kwa sababu vijana mnaonisikiliza mtaingia katika ghala hilo hilo, na mtaingia mkiwa na umri mdogo kuliko wangu. Mtu akiwaambia kwamba mtandao utawafanya mwe waandishi au wachoraji, anawadanganya. Vitu vilivyomo ni vya bure. Saa moja ya siku yako si ya bure. Hiyo huna budi kuilipa mwenyewe.

Aliyenitoa pale alikuwa mtumishi wa serikali kama mimi. Katika vile vitabu 314 kulikuwa na maisha ya Anthony Trollope aliyoyaandika mwenyewe, kitabu kilichotoka 1883, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Bwana huyu alifanya kazi katika idara ya posta ya Uingereza tangu 1834 hadi 1867, akizunguka kwa farasi na kwa treni kukagua njia za barua. Ndiye aliyependekeza masanduku ya posta ya barabarani katika visiwa vya Mfereji wa Uingereza mwaka 1852. Na katika kazi hiyo hiyo aliandika riwaya, ambazo kwa maisha yake yote zilifika 47. Alikuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Alimwongeza mtunza farasi wake pauni 5 kwa mwaka ili amwamshe na kumletea kahawa. Aliweka saa yake mbele yake na kujidai maneno 250 kila robo saa. Kitabu hicho kilipotoka, wasomaji wengi wa Kiingereza walimdharau kwa kuyasema haya. Walitaka mwandishi ashukiwe na pepo, si kuamshwa na mtumishi. Mimi sikumdharau hata kidogo. Nilimwelewa kama ninavyomwelewa mpima ardhi mwenzangu.

Halafu nikaona haya, kwa sababu sikuhitaji kwenda Uingereza kumtafuta mtu huyo. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali tangu 1926, kwanza katika ofisi za forodha, baadaye idara nyingine, na miaka yake ya mwisho kazini alikuwa katika ofisi ya upimaji ardhi, Tanga. Ofisi ya upimaji, ndugu zangu! Nimekaa katika vyumba vya aina ile nikilalamika kwamba kazi hainiachii nafasi.

Basi nikafanya hivi. Nilifuta kwenye simu kila kitu isipokuwa kitabu kimoja. Kwenye kompyuta nikabakiza programu moja ya kuandikia, LibreOffice, ambayo ni ya bure na haidai mtandao ukisha kuiweka. Nikachagua saa moja, kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri, simu ikiwa chumba kingine. Kipimo changu ni maneno 200, wala si 250 kwa robo saa. Mimi si Trollope, na macho yangu yamechoka. Siku 6 kwa juma. Maneno 200 ni kidogo hata mtu huona haya kuyaita kazi, lakini ni 1,200 kwa juma, na kwa mwaka mzima yanapita 60,000, yaani kitabu. Nina miaka mitatu na zaidi sasa. Kitabu cha kwanza kilikuwa kibaya na nimekiweka. Cha pili kinahusu mgogoro wa mpaka kati ya vijiji viwili, jambo ambalo nalijua vizuri kuliko nipendavyo.

Sasa nitekeleze alichoniomba Katibu. Sitataja yote, nitataja yale niliyoyashika kwa mikono yangu, na machache niliyoonyeshwa na vijana wa nyumbani.

Kwa anayetaka kuandika Kiswahili, Gutenberg itamwacha na njaa, maana karibu vyote vilivyomo ni vya lugha za Ulaya. Aende kwenye maktaba ya Internet Archive, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1996 na Brewster Kahle. Humo kuna picha za kurasa za vitabu vya zamani, jalada kwa jalada. Nilikikuta kitabu cha hadithi za Unguja alichokusanya Edward Steere na kukichapisha London mwaka 1870. Kiswahili upande mmoja, Kiingereza upande wa pili. Humo mna hadithi ya Sultani Darai na nyingine ambazo bibi zetu walizijua bila kitabu. Nikakuta pia Desturi za Wasuaheli, kilichotoka Ujerumani mwaka 1903, ambamo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo anaeleza ndoa, safari, madeni na michezo ya watoto kwa Kiswahili kilichonyooka. Huyu Mtoro ni mwalimu wangu mpya. Zoezi langu la Jumatatu ni hili: nasoma ukurasa mmoja wake, nafunga kitabu, naandika desturi ya leo kwa urefu ule ule. Jaribuni kuandika jinsi mtu anavyokopa fedha kwa simu, kwa utulivu wa Mtoro anapoeleza madeni ya Bagamoyo. Si rahisi. Na kwa wale wenye kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu, Chuo cha SOAS cha London kimeweka wazi picha za miswada ya tenzi za kale, na mtu anaweza kuketi na mwandiko wa mtu wa pwani aliyekufa zamani, neno kwa neno.

Kuna jambo lingine dogo lakini naliheshimu sana, nalo ni African Storybook, lililoanzishwa na taasisi ya elimu ya Afrika Kusini. Humo kuna hadithi fupi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, na picha unazoruhusiwa kuzitumia. Unaweza kuchukua picha, ukaandika hadithi yako, sentensi mbili tatu kila ukurasa, au ukatafsiri ya mwingine katika lugha ya nyumbani kwenu. Wakubwa hudharau kazi hiyo. Jaribu kumweleza mtoto wa darasa la pili kwa nini mvua haikunyesha, katika sentensi mbili, ndipo utajua kama unaijua lugha. Wikipedia ya Kiswahili nayo, iliyoanza 2003, inamkaribisha ye yote aandike. Makala ya wilaya yako au ya mti wa kwenu ni zoezi zuri la kusema kweli kwa ufupi, na kuna watu wa kukusahihisha bila malipo, wengine kwa ukali wa kutosha.

Wachoraji: Jumba la Makumbusho la Metropolitan la New York mwaka 2017 lilitoa picha kama 375,000 za vitu vyake zitumiwe bure na kila mtu. Chagua moja kila juma na kuinakili kwa penseli. Moja, si kumi. Kuna pia masomo yaitwayo Drawabox, ya kalamu ya wino na karatasi ya kawaida, yenye kanuni niliyoipenda: nusu ya muda wako fanya mazoezi, nusu nyingine chora upendacho hata kama huwezi. Mjukuu wangu anachorea kompyuta kwa Krita na Inkscape, zote za bure. Kuhusu muziki sina elimu. Naambiwa MuseScore ni ya kuandikia noti na Audacity ni ya kurekodia sauti, na kwamba zinatosha kabisa kwa kuanzia. Wenye masikio waulizane.

Vijana wataniuliza pia habari za hizi programu za akili bandia, unazoziambia "niandikie shairi" nazo zikaandika kabla hujakohoa. Sizilaani. Zinaweza kukueleza neno usilolijua, ingawa kwa Kiswahili zinakosea kwa kujiamini sana, nanyi muwe na kamusi karibu. Lakini kumwagiza mwenzako akakimbie uwanja mara kumi kwa niaba yako hakuongezi pumzi zako.

Nina onyo moja, nalo linanichoma, kwa hiyo mtanivumilia.

Kulikuwa na mpango maarufu ulioitwa NaNoWriMo. Ulianza mwaka 1999 huko California kwa watu 21 tu, rafiki na rafiki, walioahidiana kuandika kila mmoja maneno 50,000 katika mwezi mmoja, yaani kama 1,667 kila siku. Ukakua mpaka ukawa na watu wa dunia nzima kila mwezi wa Novemba. Mwaka 2025, baada ya matatizo ya fedha na magomvi, wenye mpango wakatangaza kuufunga. Kitu cha bure kina mwenyewe, na mwenyewe ana siku yake ya kuchoka. Msitumie nyumba ya mtu kama sanduku lenu la pekee.

Nasema hivi kwa sababu ya mwenzetu aliyelala kitanda cha juu yangu, bweni la tatu. Wa darasa letu mtamkumbuka bila mimi kumtaja. Katika Jumamosi zile hakukuwa na aliyemkaribia kwa mashairi. Tulipomaliza shule, mimi niliacha na yeye hakuacha. Aliandika katika madaftari ya shule, daftari juu ya daftari, akifundisha shule ya msingi mbali na barabara kuu, bila mtu wa kumsomea na bila nakala hata moja. Alifariki mwaka 2009. Nilikwenda matangani, na siku ya tatu nikamwuliza shemeji kwa adabu juu ya madaftari. Akanionyesha chini ya kitanda. Mchwa walikuwa wamefika kabla yangu. Ukigusa jalada, ndani ni udongo.

Nyumbani nilikuwa na kurasa 4 za mwandiko wake, nilizozibandua kwenye gazeti la ukutani siku ya kufunga shule mwaka 1979, pengine kwa wizi. Hizo ndizo zilizobaki, kati ya kazi ya miaka 30. Nimezipiga picha kwa simu, nimeziandika upya kwenye kompyuta, nakala moja iko kwenye flashi, moja kwa mtoto wake, moja nimeichapa na kuileta leo kwa maktaba ya shule. Kazi yote hiyo ilinichukua asubuhi moja na haikunigharimu senti. Kijana mwenye daftari la mashairi sandukuni mwake, kila mwisho wa muhula amtafute mtu mwenye simu alipige picha. Kila ukurasa. Hata ile mibaya.

Sasa naja kwa jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa, na Mkuu wa Shule atanisamehe, kwa kuwa nilikwisha kulisema mbele yake jana kabla ya kulisema mbele ya watu.

Simu haziruhusiwi bwenini, na mimi sipingi. Tukizileta tutakuwa na mabweni ya watu wasiolala. Lakini Chama chetu kilichangia chumba cha kompyuta, na jana nilikitembelea. Kompyuta 12, zimefunikwa vitambaa vilivyodariziwa kama televisheni za zamani. Zinafunuliwa kwa somo la kompyuta na kwa wageni. Nilipouliza kwa nini hazitumiki Jumamosi, nilijibiwa kwamba mtandao haupo tangu malipo yakatike. Ni kweli haupo. Lakini sababu hiyo nimeifahamu mara moja, maana ni ndugu wa zile zangu za miaka 40.

Kuna programu iitwayo Kiwix, iliyoanza 2007, iliyotengenezwa mahsusi kwa mahali pasipo na mtandao. Unapakua mara moja, mahali penye mtandao, kisha unabeba kwenye flashi au diski. Nimekuja na diski hiyo mfukoni. Ndani yake mna Wikipedia yote ya Kiswahili, sehemu ya ile ya Kiingereza, na vitabu vya Gutenberg. Jana jioni mwalimu wa kompyuta na kijana mmoja wa kidato cha tatu waliiweka katika kompyuta 3 kwa muda wa saa mbili, na kijana huyo akaifungua ya kwanza bila kuonyeshwa. Zilizobaki watamaliza wenyewe. Hakuna malipo ya mwezi. Kuna umeme tu, na ufunguo.

Ajenda yetu ya mchana ina pendekezo la kujenga lango jipya lenye jina la shule na nembo. Sitapiga kura dhidi ya lango. Naomba tu kabla ya kura hiyo mkutano ujibu maswali mawili: ufunguo wa chumba kile utakuwa kwa nani Jumamosi saa kumi alasiri, na ni mwalimu gani atakayekaa humo, naye tumpe nini kwa saa zake mbili. Trollope alimlipa mtu wa kumwamsha. Nasi hatuwezi kumwomba mwalimu aache familia yake kila Jumamosi kwa shukrani peke yake. Mimi nimeweka mchango wangu wa mwaka mzima mezani kwa Mweka Hazina, na nawaomba wa darasa la 1981 wasinitazame kama hawakusikia.

Kwa vijana: nimeleta madaftari 24. Nasema madaftari, kwa kuwa kuandika kwenyewe kunaanza hapo, na foleni ya kompyuta 12 mtaijua. Sharti ni lile la zamani. Ukurasa mmoja kila juma. Aliye na picha alete picha, mwenye wimbo aulete. Ubao wa gazeti la ukutani bado uko nje ya bwalo, nimeuona. Umebandikwa ratiba ya zamu za usafi, nayo inaweza kusogezwa kidogo upande. Wenye ndoto ya mbali zaidi wajue kwamba ipo Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023, na ile tuzo ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Lakini hizo ni za baadaye. Kwanza ukurasa.

Nami nitakuwa naandika nyumbani kwangu saa ile ile. Mwalimu wa Kiswahili amekubali kupokea ukurasa wangu kila juma na kuubandika pamoja na wa kwenu, na kama mbaya mtausema. Wa juma hili ninao hapa mfukoni. Nitamkabidhi tukitoka.